Fungu la Ndama

Juzi mjukuu wangu alibandika maziwa jikoni, akaenda zake uani kupiga soga. Maziwa yakafurika yakamwagikia makaa. Harufu ile ya maziwa yaliyoungua ikaniingia chumbani nilikojilaza. Nikatoka mbio, mie na magoti yangu haya mabovu, hadi barazani, nikashika nguzo. Mjukuu akanifuata. "Bibi, una nini? Si maziwa tu hayo?" Maziwa tu! Nikamwambia aende akasugue sufuria yake aniache. Watoto wa siku hizi maziwa kwao ni kitu cha kutia kwenye chai, na wakishiba wanammwagia paka.

Nyie wa rika langu ndio mtakaonielewa, nyie mliolala maporini wakati wa vita vya maji, mkala mizizi ambayo hata nguruwe huinusa akaipita. Tumebaki wachache. Tukikutana misibani tunaulizana habari za miguu na macho, habari za wakati ule hatuulizani, kila mtu kazifungia kwake. Mie nimechoka kuzifungia. Leo nasema, anayetaka kusikia asikie, na asiyetaka aende akalale.

Kwetu ni upande wa Mchukwi. Nilikuwa ndiyo kwanza meno ya mbele yananing'oka. Baba yangu alikuwa mkulima wa mpunga na mtama, mtu mpole, mwenye kucheka kabla hajamaliza kusema la kuchekesha, mpaka usijue nini kinamchekesha. Basi yakaja maneno ya dawa. Watu wakawa wanasema kwamba mwenye kunywa maji yale risasi ya Mdachi haimpati, itamwangukia kama tone la mvua. Na wengine wakaongeza kwamba hata mtu akianguka vitani, hakufa huyo, kalala, na siku yake ikifika atainuka arudi kwao. Hayo niliyasikia kwa masikio yangu, nimekaa nyuma ya kinu, wakubwa wamenisahau. Baba akaenda kunywa na wenzake. Siku ya kuondoka alijifunga bua la mtama kwenye kipaji cha uso, alama ya waliokunywa dawa, nami nikamcheka, naye akacheka.

Baada yake wakatujia askari wa Mdachi. Wakachoma nyumba, wakachoma na ghala. Nyumba unaweza kuijenga tena hata kwa makuti, ila ghala likishaungua na mpunga ndani, mtu umekwisha. Tukakimbilia msituni, mie, mama na tumbo lake kubwa, na bibi, mama yake baba. Mama akajifungulia huko huko, bibi ndiye mkunga. Akawa mtoto wa kike. Bibi akatazama mwezi, akasema jana ilikuwa Idi ingawa hakuna aliyeisali, basi tukamwita Mwanaidi.

Nikauliza, "Baba atakuja lini kumwona?"

"Atarudi," mama akasema, akageuka upande wa pili.

Kuna mtu alipita pale msituni kabla ya uzazi, katokea huko vitani, akanong'ona nao pembeni, na bibi tangu siku ile hakuvua kaniki yake kichwani. Mie nilimwona mtu yule na nilimwona bibi, lakini mtoto anaona vitu viwili asiviunge.

Tulikula ndiga, kiazi cha porini, ile usipoiloweka mtoni siku kadhaa inakuua. Mama alikula kidogo, nasi tulijua kwa nini alikula kidogo, ili mie nipate. Kisha ziwa lake likakauka. Jamani, hakuna njaa kama ya kumtazama mtoto mchanga akivuta ziwa tupu. Anavuta, anaacha, anamtazama mama yake usoni, anavuta tena. Bibi alijaribu kila alilolijua. Alimkanda mama kifuani kwa maji ya moto, alimtafutia majani ya kuchemsha, akamwombea dua. Wapi! Kilio cha Mwanaidi kikapungua siku hata siku, na mie, kwa ujinga wa utoto, nikafurahi kwamba sasa ametulia.

Siku moja bibi akasema, "Kuna mjane wa yule Mmanga, huko ukishaipita Kibiti, mlimani, kabla hujashuka kwenye mikoko ya Salale. Ana ng'ombe wa maziwa. Twendeni."

Mama akamkodolea macho. "Maziwa ya mnyama, mama? Mwanangu atakuwa nini?"

"Atakuwa hai," bibi akasema.

Mnaolijua bonde letu mnajua kwamba ng'ombe si mtu wetu. Mbung'o humaliza ng'ombe kwetu kama moto unavyomaliza makuti. Ng'ombe tulimjua akiwa nyama, akiletwa kwa harusi ya mtu mkubwa au kwa hitima, na mie nilikuwa sijamwona aliye hai. Kunywa maziwa yake ilikuwa habari ya Wamanga na Wahindi. Mama alilia njia nzima, si kwa kuchoka, kwa aibu.

Njiani bibi alinishika mkono akaniambia, "Ukiulizwa baba yako yuko wapi, sema huna baba."

"Mbona ninaye?"

"Sema huna." Akanifinya sikio ili nisisahau. Mie nikasema moyoni, bibi kazeeka.

Tulilisikia lile zizi kwa pua kabla ya kuliona. Moshi wa mavi makavu ya ng'ombe, waliyoyachoma mchana kutwa kufukuza mbung'o, na ndani ya moshi ule harufu nyingine, tamu, nzito, inayokera, ya maziwa yaliyoungua. Ndiyo harufu iliyonitoa mbio juzi. Ua lilikuwa la miiba. Ndani mlikuwa na mabanda marefu, dhahiri palikuwa na ng'ombe wengi hapo zamani, sasa mabanda mengi ni matupu, na kuku wawili wanachakura. Bi Zuhura mwenyewe, yule mjane, alitoka na kibuyu mkononi. Alikuwa pande la mwanamke, kajifunga kaniki kifuani, tumbaku shavuni.

"Hodi hapa," bibi akasema. "Shikamoo, bibi mwenye nyumba."

"Marahaba. Chakula sina."

"Hatukujia chakula. Tumekuja kwa maziwa, ya mtoto."

Bi Zuhura akacheka, akatema tumbaku. "Maziwa! Afadhali ungeniomba dhahabu, ningekudanganya nitakupa kesho. Hawa askari wamenilia ng'ombe mpaka nimebakiwa na hawa watatu wenye maziwa. Na maziwa yao yote ni ya bwana mkubwa wa Kidachi aliyeko Salale. Kila asubuhi mtumbwi unakuja kuchukua. Kibuyu kisipojaa, mjakazi wa Mungu huyu analazwa chini anachapwa. Nimeshachapwa, bibi. Makalio haya si ya kuonyesha wageni, la sivyo ningekuonyesha."

Mama alifungua kanga tu, akamtoa Mwanaidi, akamnyoosha mbele yake kwa mikono miwili. Hakuomba, hakulia tena. Mtoto alikuwa mwepesi, kichwa kikubwa, ngozi imemkunjika mapajani kama soksi za mzee. Bi Zuhura akamtazama. Akaacha kutafuna tumbaku.

"Lahaula," akasema taratibu. Kisha akakasirika, kama watu wengine wanavyokasirika wakiguswa. "Mnaniletea mambo gani nyie? Ya Mdachi siwezi kuwapa hata tone. Hata tone! Lakini kuna fungu la ndama."

Akatueleza huku akitusukuma tuingie. Ng'ombe ana chuchu nne. Kati ya wale watatu, wawili walikuwa na ndama wakubwa waliokwisha kula majani, lakini mwekundu, jina lake Tunu, ndama wake alikuwa mchanga, naye ndiye mwenye maziwa mengi. Chuchu tatu zake zinakamuliwa za Salale. Ya nne haikamuliwi, anaachiwa ndama. Hiyo ndiyo desturi ya wafugaji, na hata Mdachi aliikubali, maana ndama akifa hapana maziwa. "Basi watagawana," akasema Bi Zuhura. "Ndama wangu na mwana wenu. Nusu kwa nusu. Na nyie mtakata majani na kuchota maji, sifugi watu hapa."

Hivyo ndivyo tulivyokaa kwa Bi Zuhura. Nikajifunza kazi ya maziwa kwa kutazama. Huwezi kumwendea ng'ombe ukaanza kukamua, hakupi. Kwanza unamleta ndama, anyonye kidogo, apige kiwele kwa kichwa chake, mama amnuse na kumlamba, ndipo maziwa yashuke. Hapo unamvuta ndama kwa nguvu, unamfunga kwenye mguu wa mbele wa mama yake, aendelee kumlamba akidhani anamnyonyesha, na wewe unakamua. Ukimaliza zako tatu, unamwachia ndama ya nne. Kwa ajili yetu, kabla hajaachiwa, Bi Zuhura alikamua nusu ya hiyo ya nne kwenye kata ya kifuu, akaichemsha kwa maji katika chungu chake kilichokuwa na kawaida ya kuunguza, na mama akamnywesha Mwanaidi kwa ncha ya kitambaa. Mara ya kwanza mtoto alikunja uso. Kisha akaikamata ile ncha ya kitambaa, akaivuta kwa nguvu hata bibi akapiga kigelegele kimoja kidogo, kwa kuogopa askari.

Mie jambo moja lilinishughulisha. Kwetu watoto wawili wakinyonya ziwa moja ni ndugu. Hilo tunalijua tangu utotoni, hata kama mama zao ni mbali mbali. Hawaoani, hawadhulumiani, mmoja akifa mwenziwe anakaa msiba. Kulikuwa na mtu kwetu aliyekatazwa mchumba siku ya posa, kwa kuwa kikongwe mmoja alikumbuka aliwanyonyesha wote wawili siku ya mvua. Sasa nikamuuliza bibi tukiwa tunakata majani, "Bibi, Mwanaidi na ndama si wananyonya ziwa moja?"

"Ndiyo."

"Basi ni ndugu."

Bibi alikuwa hana nguvu za kubishana. Jua kali, tumbo tupu. "Ndugu, eeh, ndugu."

"Na Tunu ni mama yake?"

"Mama yake. Kata majani, mwanangu."

Nikayashika hayo kama nilivyoshika Alhamdu. Tangu siku hiyo ndama yule mwenye doa jeupe usoni nikamwita Kaka. Nilimchagulia majani laini. Nilimkataza kuku kumkanyaga. Bi Zuhura aliponisikia namwita Kaka alicheka mpaka akakaa chini, akasema, "Haya, mpe shikamoo basi," nami nikampa.

Mwanaidi akaanza kunenepa. Siyo kunenepa kwa kweli, lakini akalia kwa sauti, akafungua macho, akamshika bibi kidole. Lakini kila alivyoongezeka Mwanaidi, ndama alipungua. Chuchu moja kugawanywa kwa wawili haitoshi. Mbavu zake zikahesabika, akawa anasimama miguu kaitanua asianguke. Mama alimtazama ndama yule kama unavyomtazama mke mwenza. Asubuhi moja nilimkuta anamwambia Bi Zuhura kwa sauti ya chini, "Kamua yote ile ya nne. Leo tu. Mwanangu hakushiba."

"Nikikamua yote leo, kesho ndama kafa," Bi Zuhura akasema. "Na akifa, Tunu anabana maziwa, hatoi hata la kulamba. Mwanao anakufa kesho kutwa, mimi nachapwa. Unamwona yule? Tumbo la mwanao limefungwa kwenye mguu wa yule. Mwombee uzima."

Mama akamwombea. Nilimsikia akisali na kumtaja ndama. Hakupenda kumtaja, lakini alimtaja.

Askari walikuja asubuhi, kukamua kumekwisha, ndama anamalizia fungu lake. Waafrika watupu, Mdachi hakuwamo, mkubwa wao alikuwa na mistari begani na Kiswahili cha bara. Bibi aliniminya bega mpaka leo nasikia vidole vyake. Mama akajifunika kanga, amempakata Mwanaidi aliyekuwa ndiyo kwanza amekunywa.

"Wanaume wa hapa wako wapi?" mkubwa akauliza.

Hapo ndipo penye kifo. Mwanamume asiyeonekana ndiye aliyekunywa maji. Bibi, ambaye ulimi wake haukupata kumwangusha, akasema, "Mwanamume wa hapa ni huyo ndama peke yake, bwana. Tuliobaki sote ni majike."

Askari wakacheka. Mkubwa akatabasamu kidogo. Kisha akamtazama Tunu, akasema, "Tuna njaa sisi. Mfungueni huyu mwekundu."

Bi Zuhura akajitupa mbele. "Huyu maziwa yake ni ya bwana mkubwa wenu, Salale!"

"Bwana mkubwa ana maziwa. Sisi tuna nini?" Wakaanza kumfungua.

Sijui nilitolewa na nini. Nikajiponyoa kwa bibi, nikaenda nikamshika Tunu shingoni, nikapiga ukelele, "Msimchinje! Ni mama yake Mwanaidi!"

Nilisikia kiwele kikidondosha maziwa chini. Mkubwa akaniinamia. "Mwanaidi ndiye nani?"

Bibi akajibu, "Ndiye huyo mchanga, bwana. Mama yake hana ziwa. Ananyonya la ng'ombe huyo."

Mkubwa akaenda kwa mama, akamfunua kanga kwa ncha ya kidole. Mwanaidi alikuwa na maziwa mdomoni, bado meupe. Yule mtu akamtazama mtoto, mie sijui aliona nini, labda alikuwa na mchanga wake huko kwao. Akauliza, "Kanyonya akashiba?"

"Akashiba."

"Basi ni mama yake kweli. Mama wa mtu hachinjwi. Mwacheni."

Nilijiona nimeshinda vita ambavyo baba na wenzake wote walishindwa. Nikamtazama bibi anisifu. Lakini yule mkubwa aligeukia ndama, akasema kwa furaha, kama mtu aliyekumbuka mzaha mzuri, "Ila mwanamume tunaondoka naye. Si umesema mwanamume wa hapa ni huyu?"

"Bwana!" Bi Zuhura akalia. "Bwana wee, ukichukua ndama umechukua na maziwa! Huyu hatoi maziwa bila ya..."

"Mama nimewaachia. Mnataka nini tena? Watu wa pwani hamshibi!" Alidhani anabishana naye kama watu wa sokoni. Alidhani ametufanyia wema. Mpaka leo nikimkumbuka sijui nimlaani au nimwombee. Wakamlaza ndama pale pale chini ya mkwaju, mmoja akasema Bismillahi, na ndivyo alivyokwenda. Wakachukua nyama. Ngozi, na kichwa na miguu yake, na matumbo wakaviacha, wana safari.

Bi Zuhura aliyapika matumbo. Tulikuwa na njaa, msituhukumu. Mie nikakataa, nikasema huyo ni Kaka. Bibi akanitazama kwa macho mekundu. "Mwanaidi ndiye aliyenyonya naye. Wewe hukunyonya, mimi sikunyonya. Kula." Akala, anatafuna na kulia pamoja. Nami nikala. Mama hakula, akasema mtu aliyemwombea uzima hawezi kumla.

Tunu alilia mchana kutwa. Si mlio wa ng'ombe ule, ni mlio wa mtu anayeita. Na maziwa akabana, kama alivyosema Bi Zuhura. Alimwimbia, akamkanda kiwele kwa maji moto, akamwekea paji la uso ubavuni, akabembeleza. Tunu akampiga teke la kifua. Asubuhi iliyofuata pia hakutoa. Bi Zuhura akatia maji kwenye kibuyu cha Salale, akakipeleka mtumbwini. Mwanaidi alipewa maji ya uvuguvugu. Kilio chake kikaanza tena kupungua, na safari hii nilijua maana yake. Nilikaa mbele yake nikamfinya ili alie. Mama akamrudisha kwenye ziwa lake tupu, na Mwanaidi akavuta, akaacha, akamtazama usoni.

Siku hiyo walinituma kijitoni kukata majani, mbali kidogo, nikakawia. Nikirudi na mzigo kichwani, nikaingia mlango wa ua, na pale mbele ya Tunu amesimama Kaka.

Amesimama kwa miguu yake minne. Kichwa chake kile kile, doa lake jeupe lile lile. Tunu amenyamaza, anamlamba shingo, anamlamba tena, macho yamelegea, na Bi Zuhura yuko chini ya kiwele na maziwa yanapiga ndani ya kata, shaa, shaa. Mzigo wa majani ukaniporomoka. Nilimwona akichinjwa kwa macho yangu. Nilikula matumbo yake! Na ndiyo maana sikuwa na shaka hata chembe. Aliyeanguka kainuka. Yale maneno niliyoyasikia nyuma ya kinu ni ya kweli, na kama ndama asiyekunywa dawa yoyote karudi, seuze baba aliyeinywa.

Nikakimbia bandani kwa mama, napiga kelele kwa nguvu zangu zote, "Mama! Mama! Kaka karudi! Kafa na karudi! Na baba atarudi! Baba kanywa maji, mama, naye atarudi!"

Bibi akanirukia akanifunga mdomo kwa kiganja, maana maneno yale yakisikika njiani tumekufa wote. Lakini mama alimweka Mwanaidi chini kwenye mkeka. Alisimama. Uso wake sijapata kuuona vile kabla wala baada. Akanikamata mkono, akaniburuta hadi kule kwa ndama, akaingiza vidole tumboni mwa ndama pale paliposhonwa kwa ukili, akapasua.

"Tazama!" akasema. "Hiki nini? Sema, hiki nini?"

Yakatoka majani makavu. Akachota konzi nzima akanisukumia mikononi, akachota nyingine. "Nyasi! Nyasi tupu! Ngozi imetiwa chumvi ikajazwa nyasi ili kumdanganya ng'ombe. Hakurudi huyu. Hakuna anayerudi!"

"Na baba?"

"Huyu angalau wametuachia ngozi," mama akasema. "Baba yako hata ngozi yake sikuiona."

Akakaa chini, nyasi zimemjaa mapajani, akaanza kulia kile kilio ambacho nadhani alikibeba tangu msituni, kabla hata Mwanaidi hajazaliwa. Mie sikulia. Nilibaki nimeshika konzi ile ya nyasi. Ndama alikuwa amenywea upande mmoja, kichwa kinaanguka, na Tunu akaacha kulamba. Akanusa. Akarudi nyuma hatua, na ule mlio ukaanza kumpanda kooni.

"Mrudishieni!" Bi Zuhura alipiga kelele kutoka chini ya ng'ombe. "Mrudishieni upesi, wanawake nyie! Maziwa yanakatika! Kata haijafika hata nusu! Mtalia baadaye!"

Kule bandani Mwanaidi akaanza kulia, kidogo sana.

Mama akaacha kulia, kama aliyekatwa kwa kisu. Akapiga magoti. Akakusanya nyasi kwa mikono yote miwili, akazirudisha ndani ya ile ngozi, anashindilia kwa ngumi, anashindilia, machozi yanamdondoka humo humo. Akaziomba na zile nilizozishika, nikampa. Akapitisha ukili kwenye matundu, akakaza kwa meno.

"Shika kichwa," akaniambia. "Kiinue. Amlambe."

Nikakishika kichwa kwa masikio yote mawili, nikakiinua. Tunu akasogea. Akanusa muda mrefu. Kisha ulimi wake ukaja, mkavu, wa kukwaruza, ukapita juu ya ngozi ile na juu ya vidole vyangu, ukarudi tena. Chini nikasikia shaa, shaa.

"Baba yako atarudi," mama akasema. Hakunitazama. Bado alikuwa anashikilia mshono kwa kiganja chake usifunguke.

"Ndiyo, mama," nikamwambia.

Bi Zuhura akaendelea kukamua mpaka kata ikajaa. Akaichemsha, akaiunguza kama kawaida yake, na Mwanaidi akanywa yote.